Mji wa Derry na Hesabu ya Kura

Wako watu wadhanio ya kuwa uchaguzi wa baraza la mji ni jambo dogo. Husema kwamba vita na wafalme na mikataba ndiyo historia, bali kumchagua diwani wa kuangalia mitaro na taa na nyumba za mji ni kazi ya kila siku isiyostahili kuandikwa. Lakini mwenye kusoma habari za mji wa Derry, katika Ireland ya Kaskazini, ataona kwamba mtaa mmoja wenye viti vinane tu, ukikatwa kwa hila, waweza kuleta kinyongo cha miaka hamsini, na baada ya kinyongo, damu. Habari hizo nitazieleza kwa taratibu pamoja na hesabu zake, kwa maana katika mambo ya kura, asiyejua kuhesabu hudanganywa huku macho yake yakitazama.

Mji huo uko kando ya mto Foyle, si mbali na bahari. Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliwapa mji huo wafanya biashara wa London waujenge na kuwaleta wakaaji kutoka ng'ambo. Kwa sababu hiyo jina lake likafanywa Londonderry. Hata leo wako waliitao jina refu na wako waliitao jina fupi, na mtu akitamka tu jina la mji, mara nyingi wenyeji humjua ni wa upande gani. Mimi nitatumia jina fupi ili nisiwachoshe wasomaji. Wajenzi wale waliuzungushia mji kuta za mawe, nene na ndefu, na kuta hizo zingali zimesimama. Mwaka 1689 Waprotestanti waliokuwa ndani ya kuta walizingirwa na jeshi la Mfalme James wa Pili, aliyekuwa Mkatoliki, kwa siku 105, wakala hata panya na mbwa, wasifungue malango. Tangu siku hizo, kwa Waprotestanti wa nchi ile, Derry si mji tu, bali ni ukumbusho wa baba zao.

Lakini nje ya kuta, bondeni, penye ardhi ya matope iitwayo Bogside, walikuja kukaa watu wengine. Hao walikuwa Wakatoliki waliotoka mashamba ya jirani, hasa upande wa Donegal, kutafuta kazi. Mji ulikuwa na viwanda vikubwa vya kushona mashati, na wanawake kwa maelfu walifanya kazi humo. Watoto wakazaliwa, mitaa ikaongezeka, hata ilipokaribia kwisha karne ya kumi na tisa, Wakatoliki walikuwa wengi kuliko Waprotestanti katika mji uleule wa kuta.

Wasomaji wasidhani kwamba ugomvi wao ulikuwa juu ya Sakramenti au maana ya Maandiko. Ugomvi ulikuwa juu ya nchi. Waprotestanti walio wengi walitaka Ireland idumu katika muungano na Uingereza. Nitawaita watu wa Muungano. Wakatoliki walio wengi walitaka Ireland ijitawale, nitawaita Wazalendo. Dini ilikuwa kama alama ya kumtambulisha mtu ni wa kundi gani, na alama hiyo ilikuwa rahisi kusomwa: kwa jina lake, kwa shule aliyosoma, kwa mtaa aliokaa. Nayo ni hatari kubwa katika uchaguzi, kwa maana ukijua kura ya mtu kabla hajaipiga, waweza kuiwekea mpaka.

Kwanza natutazame namna za kuhesabu kura. Tuseme kiko kijiji chenye wapiga kura 400, nacho chataka kuwachagua wazee watatu. Katika kijiji hicho watu 240 ni wa ukoo wa mlimani, na 160 ni wa ukoo wa bondeni. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya zamani, ni kumpa kila mtu kura tatu, na wale watatu wenye kura nyingi kuliko wengine waingie. Watu wa mlimani wakisimamisha watu wao watatu na kushikamana, kila mmoja atapata kura 240. Watu wa bondeni nao wakishikamana, kila mtu wao atapata 160. Basi mlima utatwaa viti vyote vitatu, na bonde halitapata hata kimoja, ingawa katika kila watu watano wa kijiji, wawili ni wa bondeni. Hapana aliyeiba kura, wala hapana sanduku lililovunjwa. Hata hivyo watu 160 wamerudi nyumbani bila msemaji.

Namna ya pili ilifikiriwa katika karne ya kumi na tisa na watu mbalimbali, mmoja wao Thomas Hare, mwanasheria Mwingereza. Katika namna hii kila mtu ana kura moja tu, lakini kura hiyo yaweza kuhama. Mpiga kura huandika 1 penye jina la mtu ampendaye zaidi, na 2 penye jina la yule wa pili, na 3 penye wa tatu, na kuendelea. Kisha hutafutwa kipimo cha kura zitoshazo kumwingiza mtu mmoja. Hugawanywa jumla ya kura kwa hesabu ya viti pamoja na kimoja zaidi, halafu huongezwa kura moja. Katika kijiji chetu, 400 kwa 4 ni 100. Ongeza moja, kipimo ni 101. Sababu yake ni wazi: watu watatu waweza kupata 101 kila mmoja, lakini wanne hawawezi, kwa kuwa kura hazitoshi.

Tuseme sasa kura za kwanza zimehesabiwa hivi. Wa mlimani: Petro 140, Yohana 60, Mariamu 40. Wa bondeni: Yakobo 95, Marta 65. Petro amepita kipimo, basi ameingia. Lakini ana ziada ya kura 39 asizozihitaji. Ziada hiyo haitupwi, bali hupelekwa kwa wale walioandikwa wa pili na hao waliomchagua; tuseme 30 zaenda kwa Yohana na 9 kwa Mariamu. Yohana sasa ana 90, na Mariamu 49. Hapana mwingine aliyefika 101. Kwa hiyo aliye chini ya wote, yaani Mariamu, huondolewa, na kura zake 49 humwendea Yohana, ambaye hufika 139 na kuingia. Kama watu hao hawakuandika jina jingine, ziada ya Yohana haina pa kwenda. Kimebaki kiti kimoja, nao waliosalia ni Yakobo na Marta. Marta ana kura chache, huondolewa, na kura zake humfikia Yakobo. Naye huingia kwa kura 160. Basi mlima umepata wawili na bonde mmoja. Watu ni walewale na kijiji ni kilekile, ila namna ya kuhesabu imebadilika.

Katika mabaraza ya Ireland, namna hiyo ilijaribiwa kwanza katika mji mdogo wa Sligo. Mji ule ulikuwa umelemewa na madeni, na walipa kodi walinung'unika kuwa hawana sauti barazani. Bunge likatunga sheria kwa ajili ya mji huo peke yake mwaka 1918, na tarehe 15 Januari 1919 watu wa Sligo wakachagua madiwani 24 katika mitaa mitatu ya viti vinane vinane. Chama cha walipa kodi kilipata viti 8, Sinn Féin 7, watu wa chama cha kazi 5, na wasio na chama 4. Hapana kundi lililotawala peke yake, wala hapana kundi kubwa lililoachwa nje. Serikali ya Uingereza iliona kwamba jambo lile lafaa, tena ilitumaini kwamba litapunguza nguvu ya Sinn Féin, nayo ikaieneza namna hiyo katika mabaraza yote ya Ireland kwa sheria ya mwaka 1919.

Ndipo uchaguzi ulipofika Derry, mwezi wa Januari 1920. Baraza lilikuwa na viti 40. Kwa miaka mingi watu wa Muungano walikuwa wamelishika, ijapokuwa walikuwa wachache katika mji. Safari hii kura zilipohama na kuhesabiwa hata mwisho, Wazalendo na Sinn Féin pamoja walikuwa na viti 21, na watu wa Muungano 19. Baraza likamchagua Hugh O'Doherty kuwa Meya, Mkatoliki wa kwanza kushika cheo hicho tangu karne ya kumi na saba. Kwa Wakatoliki ilikuwa siku ya furaha isiyo kifani. Kwa Waprotestanti ilikuwa kama malango yaliyofungwa mwaka 1688 yamefunguliwa na karatasi za kura.

Furaha hiyo haikudumu. Ireland ikagawanywa, na mwaka 1921 Bunge la Ireland ya Kaskazini likafunguliwa, watu wa Muungano wakiwa wengi ndani yake. Miongoni mwa sheria zao za kwanza kubwa, walifuta kura ya kuhama katika mabaraza na kurudisha namna ya zamani. Serikali ya London iliisitasitia sheria hiyo kwa muda, kwa sababu serikali mpya ya kusini iliilalamikia, hata serikali ya kaskazini ikatishia kujiuzulu. Mwisho sheria ikapata idhini mwezi wa Septemba 1922. Kisha mipaka ya mitaa ya uchaguzi ikachorwa upya. Wazalendo wengi walikataa kwenda kusema neno mbele ya mtu aliyewekwa kuichora mipaka, kwa kuwa hawakuitambua serikali ile; na mipaka ikachorwa wao wakiwa nje ya mlango. Mwaka 1923 watu wa Muungano walilirudia baraza la Derry.

Lakini Wakatoliki waliendelea kuongezeka, na hatari ikaonekana tena. Kwa hiyo mwaka 1936 mji ukapangwa upya katika mitaa mitatu ya uchaguzi. Mtaa wa Kusini, wenye Bogside ndani yake, ulipewa viti 8. Mtaa wa Kaskazini ulipewa viti 8. Mtaa wa Waterside, ng'ambo ya mto, ulipewa viti 4. Jumla viti 20. Kwa mtu apitaye njia, mpango huo waonekana mzuri na rahisi. Ubaya wake haukuwa katika hesabu ya viti, bali katika hesabu ya watu.

Basi na tuzitazame hesabu za mwaka 1967, zilizotolewa baadaye na tume ya Lord Cameron, jaji Mskoti, katika taarifa yake ya mwaka 1969. Katika Mtaa wa Kusini walikuwako wapiga kura Wakatoliki 10,047 na wengine 1,138. Katika Mtaa wa Kaskazini, Wakatoliki 2,530 na wengine 3,946. Katika Waterside, Wakatoliki 1,852 na wengine 3,697. Msomaji akijumlisha ataona kuwa mji mzima ulikuwa na wapiga kura Wakatoliki 14,429, na wasio Wakatoliki 8,781. Yaani, katika kila wapiga kura kumi, sita na zaidi walikuwa Wakatoliki. Nalo baraza je? Kusini ilitoa madiwani 8 wasio wa Muungano. Kaskazini ilitoa 8 wa Muungano. Waterside ilitoa 4 wa Muungano. Walio wachache walikuwa na viti 12, na walio wengi viti 8.

Hila ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, Wakatoliki walirundikwa katika mtaa mmoja, kama nafaka ishindiliwayo katika kibaba kimoja hata imwagike. Kura zao nyingi zikashinda mahali ambapo tayari zilikwisha kushinda, zisifae kitu zaidi. Pili, katika mitaa miwili mingine waliachwa wawe wengi kiasi, lakini wasifike nusu, na kwa kuwa walio wengi katika mtaa walitwaa vyote, kura za hao zilikuwa kana kwamba hazikupigwa. Ukigawa, utaona kwamba kila kiti cha upande wa Muungano kilisimama juu ya wapiga kura 732 hivi, na kila kiti cha upande wa pili juu ya watu 1,804 hivi. Mkatoliki mmoja wa Derry hakufika hata nusu ya mtu mbele ya sanduku la kura.

Nimejaribu kuzipitisha hesabu hizo katika kipimo kile cha kura ya kuhama, nikichukua kwamba kila mtu angepiga kura kwa kufuata kundi lake. Mipaka nimeiacha ileile mibaya, wala sikuongeza kiti. Katika Mtaa wa Kaskazini jumla ni watu 6,476 na viti 8. Kipimo ni 720. Wakatoliki wangepata viti 3, na wengine 5. Katika Waterside jumla ni 5,549 na viti 4. Kipimo ni 1,110. Wakatoliki wangepata kimoja, na wengine 3. Katika Mtaa wa Kusini jumla ni 11,185 na viti 8; kipimo ni 1,243, na Waprotestanti 1,138 wangekikosa kwa kura 105 tu. Matokeo yangekuwa viti 12 kwa Wakatoliki na 8 kwa Waprotestanti: yaani baraza lilelile, lakini limegeuzwa chini juu. Sasa msomaji aweza kuona kwa nini kura ya kuhama ilifutwa mapema vile. Mpaka wa hila hupoteza nguvu zake nyingi pale ambapo mtaa mmoja hutoa viti kwa kundi kubwa na dogo pia.

Tena, hesabu hizo ni za wale tu walioandikwa katika daftari. Katika uchaguzi wa mabaraza ya Ireland ya Kaskazini, mwenye kura alikuwa ni yule mwenye nyumba na mke wake, au mume wake. Kijana mtu mzima aliyekaa kwa baba yake, au mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya mwingine, hakuwa na kura. Bali kampuni yenye mali iliweza kuteua watu wa kuipigia kura, hata sita. Katika Uingereza yenyewe kanuni ya kumnyima kura asiye na nyumba iliondolewa mwaka 1945, lakini Ireland ya Kaskazini ikaishika zaidi ya miaka ishirini mingine.

Hapo ndipo tuonapo jinsi kura ilivyoshikamana na mkate na paa. Baraza ndilo lililojenga na kugawa nyumba za bei nafuu. Kumpa mtu nyumba kulikuwa ni kumpa kura. Na kumpa Mkatoliki nyumba katika Mtaa wa Kaskazini kulikuwa ni kulegeza nguzo ya baraza zima. Kwa hiyo nyumba za Wakatoliki zilijengwa zaidi katika Mtaa wa Kusini, kama vile kilimani Creggan, na nafasi huko ikawa haba. Familia nyingi zikakaa mbili tatu katika nyumba moja. Wengine waliingia mwaka 1946 katika vibanda vya kambi ya Springtown, vilivyoachwa na wanamaji wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Vibanda vile havikujengwa kwa kudumu, lakini watu wa mwisho hawakutoka humo mpaka mwaka 1967. Watoto wakazaliwa humo na kukua. Mama mwenye mtoto mgonjwa katika kibanda kinachovuja hakuhitaji kuelezwa maana ya mipaka ya uchaguzi. Alikuwa akiiona ikidondoka kutoka darini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Viongozi wa Ireland ya Kaskazini walikuwa na miaka mingi ya kuuziba ufa huu, lakini hawakuuziba. Kati ya watu wa Derry waliotafuta njia ya amani alikuwako John Hume, aliyezaliwa huko mwaka 1937, mwalimu wa shule kwa kazi yake. Yeye na wenzake walianza chama cha kuweka na kukopa mwaka 1960, ili watu wasio na mali wasaidiane wenyewe. Mwaka 1965 aliongoza watu wa mji, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kuomba chuo kikuu kijengwe Derry. Lakini chuo kikapelekwa Coleraine, mji mdogo zaidi.

Tarehe 5 Oktoba 1968 watu walikusanyika Waterside kwa maandamano, wakidai nyumba kwa haki na kura moja kwa kila mtu. Waziri alikuwa ameyakataza maandamano hayo. Polisi waliwafungia njia katika Duke Street na kuwapiga kwa virungu, na picha zake zikaonekana katika televisheni za nchi nyingi. Siku 11 baadaye, tarehe 16 Oktoba, watu wa Jamhuri ya Ireland, kusini, waliulizwa kwa kura ya nchi nzima kama wataka kuiacha kura ya kuhama. Wakakataa, kama walivyokataa mwaka 1959. Hivyo katika mwezi mmoja, upande mmoja wa mpaka watu waliilinda namna yao ya kuhesabu, na upande wa pili watu walipigwa kwa kudai wahesabiwe.

Tarehe 22 Novemba 1968 Waziri Mkuu wa Ireland ya Kaskazini, Terence O'Neill, alitangaza mabadiliko. Kura za kampuni zingeondolewa. Nyumba zingegawanywa kwa kanuni iliyo wazi. Na baraza la Derry lingevunjwa, mahali pake pashikwe na tume ya maendeleo. Mwaka 1969 sheria ikampa kila mtu mzima kura katika uchaguzi wa mabaraza. Na taarifa ya Lord Cameron ikakiri kwamba malalamiko juu ya mipaka ya Derry yalikuwa na msingi wa kweli. Serikali ilikuwa imekiri jambo ambalo kila mtoto wa Bogside alilijua.

Lakini dawa ikicheleweshwa, ugonjwa huota mizizi. Mwezi wa Agosti 1969 kulikuwa na mapigano ya siku tatu Bogside, na askari wa Uingereza wakaletwa mjini. Tarehe 30 Januari 1972 askari waliwapiga risasi watu katika maandamano palepale Derry, wakafa 13, na mmoja akafa baadaye. Mabomu na mauaji ya pande zote yakaendelea karibu miaka thelathini, na watu zaidi ya 3,500 wakapoteza maisha katika ugomvi huo wote. Si kweli kwamba mipaka ya mitaa ya Derry peke yake ndiyo iliyoleta mauti hayo. Sababu zilikuwa nyingi na za zamani, na walioshika silaha walijichagulia wenyewe kuzishika. Lakini watu waliosema, “Twende kwa kura, tusiende kwa bunduki,” walikuwa wamenyang'anywa jibu, kwa maana walioambiwa waliweza kuuliza, “Kura zenu zimewapa nini tangu mwaka 1923?”

Tarehe 30 Mei 1973, katikati ya moto huo, mabaraza mapya 26 yalichaguliwa katika Ireland ya Kaskazini, na kura ya kuhama ikarudi baada ya miaka 51. Derry ilipewa viti 27, na hapana chama kimoja kilichopata zaidi ya nusu yake. Madiwani walilazimika kusemezana. Katika miaka iliyofuata baraza la Derry likaanza desturi ya kupokezana umeya, hata mtu wa Muungano akaweza kuvaa mkufu wa Meya mbele ya madiwani ambao wengi wao walikuwa Wazalendo. Waliokuwa wengi sasa walikuwa na nguvu ya kulipiza kisasi kwa hesabu ileile waliyofanyiwa, wasilipize. Jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo la heshima kubwa kuliko yote katika habari hii. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 10 Aprili 1998, na mwaka huo huo mwalimu yule, John Hume, pamoja na David Trimble, kiongozi wa watu wa Muungano, walipewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Tangu mwaka 2015 Derry imeunganishwa na Strabane katika baraza moja lenye viti 40, na eneo lote limegawanywa katika mitaa saba ya uchaguzi, yenye viti vitano, sita au saba kila mmoja. Waterside, iliyokuwa ikitoa watu wa upande mmoja tu, sasa ina viti 7, na watu wa pande zote mbili wameketi humo. Katika uchaguzi wa mwezi Mei 2023 chama kikubwa kuliko vyote, Sinn Féin, kilipata viti 18 kati ya 40; ni kingi, lakini si nusu. Watu bado hugombana, na vyama vingi bado hufuata makundi yale ya zamani. Kura ya kuhama haikuwabadilisha mioyo. Ila imewaketisha meza moja, na mtu uketiye naye kila mwezi ni vigumu kumfanya jini.

Kutokana na habari hizi twaweza kujifunza kwamba uchaguzi una milango mitatu, na haki yaweza kuzuiliwa katika mlango wowote. Mlango wa kwanza ni daftari: nani ana kura na nani hana. Wa pili ni mpaka: watu wamegawanywaje katika mitaa. Wa tatu ni hesabu: kura zikiisha kupigwa, zageuzwaje kuwa viti. Watu wengi hulilinda sanduku la kura usiku kucha wasiliachie mwizi, nao hufanya vema. Lakini katika Derry sanduku halikuibwa; kazi ilikuwa imekwisha kufanywa miaka mingi kabla, mchana, kwa rula na wino, katika ofisi tulivu.

Kwa hiyo, mahali popote watu waambiwapo kwamba mitaa yao itapangwa upya, wasiseme, “Hayo ni mambo ya makarani.” Waulize: wangapi wako upande huu wa mstari, na wangapi upande ule? Viti vingapi hapa, na vingapi pale? Walio wachache watapata msemaji, au watanyamazishwa? Maswali hayo hayahitaji elimu ya juu. Yataka kujumlisha na kugawanya tu, na hesabu hiyo kila mtoto wa darasa la nne anaijua. Na aliye katika kundi kubwa aulize kwa bidii zaidi kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kuuziba ufa kabla haujataka ukuta.